Mjomba, Nilimlenga Mtani Wako

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu ndiyo moja ya yale mambo mawili uliyonifundisha kuhusu ile bastola yako. La pili nililidharau, na hilo ndilo lililonikalisha hapa mezani leo, mvua inapiga bati, na mimi nimeandika mistari mitatu nikaichana, nikaandika tena.

Barua hii naiacha wazi, aisome atakayeisoma. Wewe huwezi kuipokea, hilo najua. Lakini huko mlimani yupo mtu ambaye hata siku moja hajakubali kusema kwamba macho yake hayaoni maandishi, na najua atapatikana wa kumsomea.

Unakumbuka siku ya Mikese? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulinipeleka nyuma ya barabara kuu, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ukaniambia tunakwenda kumwona mtu. Hakukuwa na mtu. Ulikuwa na kopo tupu la rangi, ukaliweka juu ya jiwe, ukarudi hatua saba ukizihesabu kwa sauti. Halafu ukatoa mfukoni kitu nilichodhani ni kiberiti cha gesi. Kilikuwa kifupi kuliko kiganja chako, mitutu miwili imelaliana, mmoja juu ya mwenzake, na mpini mdogo kiasi kwamba kidole chako cha mwisho kilining'inia hewani, hakina pa kushika.

"Hii ndiyo unayotembea nayo miaka yote?" nilikuuliza.

"Ndiyo hii. Na ukimwambia mama yako, sikujui."

Sheria isingetupenda siku ile, kwa sababu kibali kilikuwa chako peke yako. Ulinishikisha, ukaniweka kidole gumba juu ya nyundo, kile kichuma cha nyuma, ukasema nivute mpaka isikike inakaa. Triga ilikuwa ngumu kama komeo la zamani. Nilipoivuta, kile kitu kiliruka mkononi mwangu kama kuku aliyeshtuka, na kopo likabaki limesimama palepale. Masikio yalinilia mpaka tukafika mjini Morogoro. Ulicheka, kisha ukaacha kucheka, ukaniambia hii si ya mtu aliye mbali. Ni ya mtu aliyekwisha kukufikia, wa hatua tatu nne. Aliye mbali mkimbie.

Halafu ukanionyesha namna ya kuijaza. Uliikunjua mitutu juu, ukatumbukiza risasi kwenye mtutu wa chini. Kwenye wa juu, ule unaoanza kupiga, ukatia ganda tupu la risasi tuliyokwisha kuitumia.

"Mbona moja tu, Mjomba?"

"Mtutu wa kwanza ni wa Lukasi."

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Nilidhani ni utani wenu, kama utani mwingine wote.

Na lile la salamu ulinipa tukiwa tunasubiri gari la kurudi. Ulisema mtu akinitokea njiani nimsalimie kwanza, hata kama ana panga, hata kama moyo unaniambia ni mwizi. Akiitikia, nimepata nafasi ya kumwangalia usoni. Asipoitikia, nimepata nafasi ya kuvuta nyundo. Uliyasema haya kwa sauti ya mtu anayeelekeza namna ya kukausha pilipili manga, na mimi niliyashika hivyohivyo.

Sasa nieleze kidogo kwa ajili ya wengine, maana wewe hayo unayajua kuliko mimi. Lukasi ni mtani wetu wa ukoo. Ukoo wake na wetu hawaulizani kwa nini, wanatukanana tu, tangu babu wa babu. Yeye alikuita mtumwa wake, wewe ulimwita mchawi. Ulipopanda Matombo kununua viungo, mkoba begani na mizani mkononi, alikuwa anakuvizia kwenye kona ya mfenesi. Anaruka kutoka migombani na sauti ya kukoroma: "Leta mkoba." Na wewe, bila hata kusimama: "Mchawi, mkoba huu una dawa ya kuoga, utakudhuru." Mnapigana mabega, mnaendelea njia pamoja. Nilikuwa nawafuata nyuma na magunia matupu kichwani, nikiwaonea haya, watu wazima wawili wenye mvi wanaotukanana mbele ya shule.

Na siku tulipokuzika, Mjomba, hukuona, ngoja nikuambie. Lukasi alifika amevaa koti lako. Sijui nani alimpa. Alitembea kwa ule mwendo wako wa kuburuta mguu wa kushoto, akapita kwa waombolezaji mmoja mmoja akinusa mikono yao na kusema, "Hii mbichi, kaanike tena." Kila hatua tatu alipapasa mfuko wa koti, ule ule uliokuwa unaupapasa wewe, halafu anashusha pumzi. Mama alikuwa amelia tangu alfajiri, akacheka mpaka akakaa chini. Jeneza lilipoinuliwa, Lukasi alilala njiani chali, akasema hapiti mtu mpaka mtumwa wake amuage. Walimbembeleza, wakamvuta miguu, hakuondoka. Mwisho akainuka mwenyewe, akaweka mkono juu ya mbao, akatupisha.

Kwetu mali ya mjomba haiendi kwa wanawe, na hukuwa na mpwa wa kiume. Siku ya kuondoa msiba walinikalisha kwenye mkeka wakanipa jina lako na vitu vyako. Nilirithi mkoba, mizani na Lukasi. Alikuja akanitazama juu mpaka chini, akasema mtumwa wake amekufa lakini amemwachia mke, basi kuanzia leo mimi ni mke wake. Nikamwita mchawi. Wazee wakapiga makofi, mambo yakaisha.

Bastola haikuwa kwenye mkeka. Ilikuwa imekwenda kituo cha polisi, kama sheria inavyotaka mwenye kibali akifa. Niliiomba. Nilipita ofisi ya kijiji, ya kata, ya wilaya, kila mahali nikiulizwa maswali yale yale, na mzee mmoja mwenye miwani akaniuliza mara mbili kama mimi, mwanamke, nitaweza kweli kuifyatua mtu akinijia. Nilimwambia nitaweza, na mwishowe nikapewa. Nilikasirika sana siku ile, na nadhani hasira ile nilitembea nayo mpaka juu mlimani.

Aliyenifundisha kwa mujibu wa kibali alikuwa kijana mstaarabu, askari mstaafu wa mapema. Nilipomwonyesha namna ulivyokuwa unaijaza alitikisa kichwa. "Mama, risasi mbili, unatupa moja? Jaza mitutu yote. Hiyo ya ganda ni mambo ya wazee." Nikaona ana akili. Nikajaza mitutu yote, Mjomba. Lile ganda tupu nililiweka kwenye droo ya kabati la vyombo.

Masika ya mwaka huu yalikuja na hofu. Mama Zaituni, yule mnunuzi wa ndizi uliyekuwa unaongozana naye njiani, alisimamishwa chini kidogo ya misheni na wanaume wawili. Walichukua mkoba, na alipochelewa kuuachia walimpiga kwa ubapa wa panga mkononi. Alinionyesha mkono ulivyovimba. "Mmoja alijifunika gunia," aliniambia, "sikumwona sura." Kama vile nusu ya mlima haikunji magunia na kujifunika mvua ikinyesha. Lakini maneno yale yalinikaa. Nilianza kuona magunia tu. Nikipanda bodaboda nilikuwa namwambia dereva aongeze mwendo kila tukimpita mtu aliyejifunika, na mkono wangu ulikuwa ndani ya koti, kidole gumba kiko juu ya nyundo.

Lukasi nilikuwa sijamwona karibu miezi miwili. Nilisikia alikuwa anaumwa mgongo.

Siku ile bodaboda iliniacha kwenye kijito, tope lilikuwa limeila barabara. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na mwanga ulikuwa wa saa kumi na mbili. Nilitembea peke yangu. Nilisikia maji yanatiririka kila upande, na nyuma ya maji nikasikia jani la mgomba linasogezwa.

Nilikuwa nimefika kwenye mfenesi. Unajiuliza kwa nini sikukumbuka. Mimi mwenyewe najiuliza. Nimepita pale tangu utoto, nimekuona ukiviziwa pale mara zisizo na hesabu, na siku ile kichwani mwangu kulikuwa na mkono wa mama Zaituni tu.

Akatokea mtu. Gunia kichwani mpaka kwenye pua, panga mkononi. Nilisalimia, Mjomba. Hilo nililifanya.

"Habari za asubuhi."

Kimya.

"Habari za asubuhi, baba."

Akapiga hatua moja mbele. Nikavuta nyundo mfukoni, nikasikia inakaa, nikaitoa bastola.

"Leta mkoba," alisema, kwa sauti nzito ya kukoroma.

"Simama hapo."

"Leta mkoba, nimesema. Na hilo koti."

Nadhani hakukiona nilichoshika. Wewe ndiye uliyesema wote wanadhani ni kiberiti. Akapiga hatua ya pili, na ya tatu, na kwenye ya tatu nikavuta triga.

Mlio ulikwenda mpaka ng'ambo ya bonde ukarudi. Alikaa chini kwenye tope, wima, kama mtoto aliyekalishwa. Gunia lilikuwa limetoboka pale juu, kwenye ile pembe iliyochongoka juu ya kichwa chake, na nyuma yake fenesi moja kubwa lilianza kuvuja ulimbo mweupe, tone kwa tone, juu ya bega lake. Akalivua gunia polepole. Nikaona mvi. Nikaona yale meno yenye pengo katikati. Akasema:

"Mke wangu, umekosa."

Utani una jibu lake, nawe ungelitoa papo hapo. Nilitakiwa kusema, nitakupata kesho, mchawi. Lilikuwa mdomoni. Lakini nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu mwingine, wala mama. Alipokuwa anasema maneno yale, nimekwisha kuiona sura yake, nimekwisha kumjua, kidole changu kilikuwa bado kinavuta nyundo kwa ajili ya mtutu wa pili. Kilivuta chenyewe mpaka mwisho. Na Lukasi alikuwa hanitazami usoni. Alikuwa anakitazama hicho kidole.

Niliishusha nyundo kwa mikono miwili, taratibu, maana nilijua ikiniponyoka itapiga tena. Yeye alilikunja lile gunia, akalikunjua, akalikunja tena.

Watu walikuja mbio kutoka juu na chini. Unadhani alisema nini? Alisema mke wake alitaka kuangua fenesi kwa risasi, na fenesi lenyewe bichi. Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji hakucheka, alituuliza mimi na yeye kama jambo hili liende kituoni. Lukasi akamjibu, "Mtani hashtakiwi. Atanipa jogoo." Wakacheka tena. Mimi nilisimama pale na mkoba wangu begani, nimesamehewa kabla sijaomba, na nilijisikia vibaya kuliko kama angenipiga kofi.

Usiku ule nililitoa lile ganda kwenye droo nikaliweka mezani. Mtutu wa kwanza ni wa Lukasi. Kumbe hukuwa unatania, Mjomba. Miaka yote ile ya kuruka ruka kwenye kona na kutukanana, ulijua kwamba ipo siku ukungu utakuwa mzito, au utakuwa umechoka, au umesikia habari mbaya, na hutamtambua mtani wako. Ukampa mtutu mzima. Ukakubali kwamba mwizi wa kweli akija, wewe utakuwa na risasi moja tu, ili yeye asikie "ta" tupu na wewe upate muda wa kujua ni nani. Na hukunieleza vizuri. Nimekukasirikia kwa hilo. Maneno machache zaidi, pale Mikese, yangekugharimu nini? Halafu nakumbuka nilivyocheka, na nadhani uliniona bado mtoto, ukasema utanieleza siku nyingine.

Jogoo nilimpeleka Jumapili iliyofuata. Mwekundu, mzito, nilimchagua kwa saa nzima. Nilisimama uani kwa Lukasi nikaita kama ninavyoita siku zote: "Mchawi wewe, toka nje, mkeo amekuja." Niliita kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Wajukuu zake walitoka, wakanitazama, wakarudi ndani wakikimbia.

Alitoka. Alikuwa amevaa shati safi. Alichukua kigoda, akakifuta kwa kiganja, akakiweka mahali pakavu.

"Karibu mama. Karibu ukae. Habari za nyumbani?"

Nilisubiri. Nilidhani ni mwanzo wa utani mrefu. Nilisema, "Nimekuletea ndugu yako," nikamwonyesha jogoo. Akampokea kwa mikono miwili, akasema ahsante sana, akaniuliza hali ya mama, hali ya barabara, kama mvua imeharibu iliki. Kila jambo aliuliza kwa adabu. Mke wake akaleta uji wa moto. Hakunitukana hata mara moja, Mjomba. Na mimi nilitafuta tusi, nikakosa hata moja la kumrushia mzee mwenye adabu namna ile. Kwa hiyo nilipoinuka kuondoka, nikafanya kile ambacho mtu humfanyia mzee asiyemzoea. Niliinamisha kichwa nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu.

Nililia njia nzima ya kushuka. Dereva wa bodaboda alidhani kuna msiba.

Bastola niliirudisha. Askari wa zamu aliikunjua, akachungulia mitutu, akaniuliza imeharibika nini. Nilimwambia haina ubovu, inafanya kazi. Akanitazama, akaandika.

Ndugu zetu wananiona nimechanganyikiwa. Wanasema wale wawili waliomwibia mama Zaituni hawajakamatwa, na ni kweli hawajakamatwa. Naogopa, Mjomba. Sitakudanganya kwamba nimekuwa jasiri. Njiani mkono wangu bado unaingia ndani ya koti, unakuta mfuko mtupu. Wakulima nawalipa kwa simu, nikishuka pale panapopata mtandao, na wengine wananung'unika lakini wamekubali. Mkoba wako sasa una mizani, kitambaa na chapati mbili. Nalisema hili wazi ili na wale wezi walisikie.

Nikifika kwenye mfenesi napunguza mwendo. Lile fenesi lilioza likaanguka, lakini kovu la ulimbo lipo kwenye shina, jeusi sasa. Nasimama hapo najifanya nafunga kamba ya kiatu. Nasikiliza migomba. Kila jani likitikisika nasema moyoni, mwache awe yeye. Mpaka leo ni upepo, au mbuzi, au mtu wa heshima anayenisalimia na kupita.

Sasa nikuombe kitu. Kama huko uliko bado mnasikilizana, mwambie yule mchawi kwamba siku ya soko la kwao bado napita kwa mguu, na siku anaijua. Mwambie nimevaa koti lako, maana mama alinipa baada ya yeye kulirudisha limechanika kwapani, na nimeshindwa kumsamehe kwa hilo. Mwambie mfuko hauna kitu, aje aupapase mwenyewe. Mwambie nitasalimia kwanza, mara mbili, na asiitikie.

Lala salama, Mjomba. Ganda lako bado nimelitunza kwenye droo.

Ni mimi mpwa wako,
ambaye Lukasi sasa anamwita mama.